Futikamba, vidole na damu: bata arobaini wa Ifakara

9 Februari

Nimeanza daftari jipya. La zamani limejaa hesabu za pumba na madeni ya duka, na habari za bata zilikuwa zinaandikwa pembeni kwa penseli, basi.

Hali ilivyo: bata 62 bandani, nyuma ya mashamba ya mpunga. Sasa hivi majaruba yamejaa maji, konokono wako tele, bata wanajitafutia nusu ya chakula chao. Kuanzia Juni, mpunga ukishavunwa na maji yakikauka, kila mdomo utahamia kwenye gunia langu. Mwaka jana niliwalisha wote hadi Oktoba, na mayai niliyookota hayakurudisha hata pesa ya mashudu. Safari hii wabaki ishirini. Ni ishirini wepi, hapo ndipo kazi ilipo.

Mdogo wangu anasomea sayansi ya wanyama Morogoro, yuko mwaka wa mwisho na anatafuta mradi. Yeye anataka kupima homoni. Mimi nataka kujua nani anataga na nani ananilia pumba bure. Tumekubaliana kufanya yote kwa bata walewale: vipimo vya mwili, damu, na daftari la mayai liwe hakimu.

Idadi haikuamuliwa na sisi, iliamuliwa na sahani. Sahani moja ya ELISA, kipimo cha maabara cha kupimia homoni, ina vishimo 96. Viwango vinane vya kulinganishia, kila kimoja mara mbili, vinakula vishimo 16. Vinabaki 80, na kila bata lazima apimwe mara mbili ili kosa la mkono lionekane. Hiyo ni arobaini kamili. Bata wa 41 angetudai sahani nyingine, na hii moja tu imetutoa jasho.

11 Februari

Tumechagua arobaini. Wale wenye chunusi nyekundu usoni tumewaacha nje wote. Ni jamii nyingine kabisa, asili yao Amerika ya Kusini na ya Kati; mayai yao huanguliwa kwa siku 35 wakati ya bata wengine ni 28, na wakishapata mayai ya kutosha wanakaa kuatamia, kutaga kwisha. Kwa nyama na kulea vifaranga hawana mpinzani. Kwa mradi huu wangetuvurugia hesabu.

Waliobaki ni machotara wa Khaki Campbell, waliotokana na mayai niliyonunua miaka mitatu iliyopita. Kabila hilo la bata lilianzishwa Uingereza, kijijini Uley, na mama mmoja aitwaye Adele Campbell, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Alikuwa na bata jike wa aina ya Indian Runner aliyetaga mayai 182 kwa siku 196, akampandisha kwa dume kubwa la Rouen. Kinachonivutia ni kwamba tunaijua hiyo 182 kwa sababu mama yule alikaa akahesabu.

Kila bata amevishwa kipande cha plastiki mguuni chenye namba. Namba 22 ameshakivua.

16 Februari

Siku ya vipimo. Tumeanza saa moja asubuhi, tumemaliza saa tisa, mgongo hauna habari na mimi.

Bata hashikwi miguu kama kuku. Mwili mzito, miguu hafifu, ukimning'iniza unamtegua. Unambeba kwapani, mkono mmoja chini ya kifua, kichwa kikitazama nyuma yako. Utakapochafuliwa suruali, ujue umemshika sawasawa.

Tulichopima: uzito kwa mizani ya kuning'iniza, urefu wa mwili kuanzia shina la shingo hadi shina la mkia, mzunguko wa kifua kwa futikamba ya fundi cherehani, ikipita nyuma ya mabawa, urefu wa mfupa wa kidari, urefu wa muundi. Halafu vile viwili nilivyokuwa navisubiri: upana kati ya ncha mbili za mifupa ya nyonga, zile unazozigusa pembeni mwa tundu la kutagia, na nafasi kutoka ncha hizo hadi mwisho wa kidari.

Hivi viwili ni elimu ya zamani. Yai lazima lipite kati ya ncha hizo. Bata anayetaga, ncha zinaachana na kulainika, na tumbo kati yake na kidari linakuwa pana na laini kama kiriba chenye maji nusu. Asiyetaga, ncha zimebanana, hata kidole kimoja kinapita kwa shida. Kule Java wafugaji wa bata huziita supit urang, makucha ya kamba wa majini, na huchagua bata sokoni kwa kuzipapasa. Marekani, Walter Hogan wa Petaluma alijijengea jina mwanzoni mwa karne iliyopita kwa kufundisha watu kuchambua kuku kwa mkono namna hiyohiyo.

Ila vidole ni vya nani? Vidole vyangu vitatu ni vinne vya mdogo wangu. Saa nzima tumeandika "vidole 3" kwa maana mbili tofauti, tukafuta, tukaanza upya kwa kalipa, kile chuma chenye taya mbili kinachosoma milimita.

Jioni tumerudia bata kumi bila kuangalia namba za asubuhi. Muundi na kidari zimetoka karibu sawasawa. Upana wa nyonga umepishana milimita moja au mbili. Mzunguko wa kifua ndio umetuaibisha: bata yuleyule, tofauti ya karibu sentimita mbili, kwa sababu asubuhi alikuwa amevuta pumzi, au manyoya yalikuwa yamelowa, au mimi nilivuta futikamba kwa hasira. Naanza kukitilia shaka kipimo hicho kabla hata hakijanipa jibu.

Namba 6 ni jibwa la bata. Mzito kuliko wote, kifua kipana kuliko wote, muundi mrefu. Nyonga imebana, lakini nimesema labda bado yuko mapumzikoni. Pembeni ya jina lake nimeandika "mama wa ukoo".

20 Februari

Daftari la mayai limeanza rasmi, na limetusumbua kuliko futikamba.

Kuku unaweza kumtegea kiota chenye mlango unaojifunga. Bata hana adabu hiyo. Anataga alfajiri, wengi wakiwa wamemaliza kabla jua halijachomoza, na anadondosha popote: kwenye majani, njiani, kwenye maji. Vizimba vya bata mmoja mmoja hatuna mbao zake. Kwa hiyo tunapapasa usiku. Saa nne, taa ya kichwani, unambeba bata na kubonyeza taratibu kwa nje, chini ya mkia. Kama yai litatoka alfajiri, saa hiyo ganda limeshakaza na unaligusa kama jiwe la mtoni ndani ya kitambaa.

Asubuhi hatufungui banda mpaka saa mbili, mayai yote yabaki ndani. Tunalinganisha. Jana vidole vilisema 24, tukaokota 23. La 24 lilikuwa limekanyagwa matopeni, ganda tupu.

3 Machi

Amekuja mzee anayenunua bata wa kuchinja, hupeleka vibanda vya stendi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku mkono wake umeshafika chini ya bata. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Natafuta mvivu, mwanangu. Anayetaga hana nyama, mafuta yote yamekwenda kwenye mayai."

Nikamwomba anichagulie, kwa mzaha tu, kumi ambao angewanunua. Alichukua dakika kumi kwa bata arobaini. Kwanza alifinya nyonga, kisha akabana ngozi ya tumbo kuona unene wa mafuta, na mara mbili aliangalia midomo. Kidole gumba chake kina kovu, nadhani ndicho kilichokuwa kikifanya kazi. Namba 6 alimshika, akamwangalia kucha, akacheka, akaniambia huyu ninunue leo hii. Nikakataa. Nimeandika namba zake kumi ukurasa wa mwisho, mdogo wangu asizione mpaka mwisho.

14 Machi

Mvua. Gunia moja la mahindi limepata unyevu, chini yake kuna ukungu wa kijani. Jirani kaniambia niwape bata tu, wao wanakula chochote. Hapana. Sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, kwa bata ni mbaya kuliko kwa kuku. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa viumbe dhaifu kabisa mbele yake, ini linaharibika haraka. Nimelifukia lote. Uchungu wake naujua mwenyewe.

29 Machi

Mdogo wangu kaja kwa wikendi na tumekaa mkekani na karatasi. Naandika nilivyoelewa, kwa maneno yangu.

Kwenye kifuko cha mayai cha bata kuna viini vya kila ukubwa, vikisubiri zamu. Vile vidogo hutoa estrojeni nyingi, hasa estradioli. Homoni hii inaingia kwenye damu na kugawa kazi kwa kila kiungo. Ini inaliambia litengeneze mafuta na protini za kiini. Mrija wa mayai unakua. Mifupa inaambiwa iweke akiba ya kalsiamu kwa ajili ya ganda. Nyonga inalegea. Kwa hiyo kile ninachokigusa kwa vidole ni matokeo ya estrojeni iliyofanya kazi siku kadhaa. Yeye anataka kumkamata mtumaji mwenyewe.

Projesteroni ni habari nyingine. Inapanda kwa saa chache kabla kiini hakijaachiwa, pamoja na homoni ya ubongoni inayotoa amri ya kukiachia. Kwa kuwa bata anataga alfajiri, na kiini kipya huachiwa muda mfupi baada ya yai kutoka, kilele hicho kinaangukia usiku. Ukichukua damu saa nne asubuhi umekikosa. Ukichukua bata huyu usiku na yule mchana, hujalinganisha bata, umelinganisha saa. Tumeamua estradioli peke yake, wote asubuhi moja.

Nilimuuliza kipimo cha binadamu kitamjuaje bata. Akasema estradioli ni kitu kilekile kwa mwanamke, ng'ombe na bata, umbo lake halibadiliki. Zile homoni za protini zinazotoka ubongoni ndizo zenye kabila, kingamwili za kipimo, zilizotengenezwa kuikamata homoni ya mtu, haziitambui ya ndege.

8 Aprili

Kenge. Ameingia usiku kwa chini, pale maji yalipokula udongo wa ukuta. Mayai kama kumi na nne hayapo, bata wamerundikana kona moja wamekanyagana. Namba 17 amechubuka paja. Hakuna aliyekufa. Nimeziba kwa mawe na bati, na leo usiku hatupapasi mtu, wamepata hofu ya kutosha.

12 Aprili

Siku ya damu. Daktari wa mifugo kaja saa mbili na nusu. Tumechukua mililita mbili kwa kila bata kutoka mshipa wa chini ya bawa. Kwa bata wa kilo moja na nusu hiyo si kitu; kanuni wanayotumia ni kutozidisha asilimia moja ya uzito, yaani kama mililita 15. Zamu tulipiga kura ili namba ndogo wasiwe wa mapema wote. Sindano ya mwisho saa tano kasoro robo.

Kosa ni langu. Nilitumwa duka la dawa kuleta vichupa vya damu visivyogandisha, nikaleta vya kifuniko cha zambarau kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Mdogo wangu kaviona akakaa chini. "Kaka, hivi vina EDTA." EDTA inazuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu yote. Alikuwa amepanga kupima na kalsiamu, maana bata anayetaga huwa nayo damuni mara mbili au zaidi ya asiyetaga, na kipimo chake ni rahisi mno. Tulitakiwa kuleta vya kijani, vya heparini. Estradioli haijaharibika, kalsiamu ndiyo imekwenda na maji.

13 Aprili

Hasara ya jana imezaa kitu. Vichupa vililala friji usiku kucha vimesimama, chembe nyekundu zimeshuka chini, juu imebaki plazma, yaani maji ya damu. Baadhi ni angavu kama chai ya rangi iliyochujwa. Nyingine ni nyeupe, nzito, kama maji ya kuoshea chupa ya maziwa. Hayo ndiyo mafuta ya kiini yakisafirishwa kutoka kwenye ini.

Nikachukua gazeti la zamani, nikaliweka nyuma ya kila kichupa. Maandishi yakisomeka, nimeandika "angavu". Yasiposomeka, "maziwa". Angavu wametoka 11. Gharama ya kipimo hiki: gazeti.

Plazma imenyonywa na kutiwa kwenye vichupa vidogo, imeingia kwenye boksi la barafu, imepanda basi la saa sita kwenda Morogoro kwenye mapaja ya mdogo wangu. Hakuliachia kondakta aliweke buti.

2 Mei

Majibu yamefika. Yalichelewa kwa sababu dada wa maabara alikataa kuzipima zile za maziwa hivihivi. Mafuta yanaingilia kipimo. Alizikamua kwanza kwa etha, kisha ndipo sahani.

Bata 11 wana estradioli ya chini, wamejitenga kabisa na wenzao. Kati yao, 10 ni walewale ambao gazeti lilisomeka. Nilicheka peke yangu. Mdogo wangu hakucheka sana, ila aliniambia niandike vizuri nilivyofanya, ataliweka kwenye ripoti.

Upana wa nyonga umekwenda vizuri na homoni, na nafasi ya tumbo vilevile. Uzito na mzunguko wa kifua havikusaidia kitu; wazito walikuwa wabovu kidogo, ukitaka kuwa mkali. Ingekuwa ajabu ingekuwa vingine, bata wa mayai ni mwepesi, kifua kipana ni cha mchinjaji.

Na namba 6? Estradioli chini kabisa, mayai sifuri tangu Februari. Sasa ndiyo nimemwangalia kucha kama yule mzee: ndefu, zilizopinda. Mama yake alikuwa bata wangu wa kawaida, baba yake lazima ni lile dume la chunusi la jirani. Ni nyumbu. Machotara wa jamii hizo mbili huwa wakubwa, wanene, na tasa. Futikamba peke yake ingempa nafasi ya kwanza.

3 Mei

Tumebishana kwa simu hadi salio likaisha. Namba 17.

Estradioli yake iko kwenye kundi la chini, ya nne kutoka mwisho. Umbo dogo, uzito mdogo. Kwa karatasi ya maabara anaondoka. Nikafungua daftari: kuanzia tarehe 20 Februari hadi 7 Aprili hakuna aliyemshinda. Amekosa usiku mitano tu. Halafu kuanzia tarehe 8, mstari mtupu siku 11, kisha anarudi.

Tarehe 8 ni kenge. Damu ilichukuliwa tarehe 12, katikati ya mstari mtupu. Ndege akipata mshtuko na jeraha anasimamisha kutaga, estrojeni inashuka mapema, wakati mifupa ya nyonga inachukua muda zaidi kujibana. Kalipa tuliyorudia tarehe 10 bado ilimwonyesha wazi. Damu haikusema uongo, ilisema habari za asubuhi ile moja. Nikamwambia mdogo wangu hivyo, akanyamaza, akasema basi sura ya nne ya ripoti yake inabidi iandikwe upya. Nilimpa pole. Kidogo nilifurahi.

Yule mmoja ambaye gazeti halikumnasa kati ya 11 ni nani? Ndiye huyuhuyu 17. Plazma yake ilikuwa bado na maziwa hafifu.

18 Mei

Nimefungua ukurasa wa mwisho wa daftari mbele ya mdogo wangu. Kumi wa mzee wa stendi: nane wako kwenye kundi la chini la maabara. Alikosea kwa wawili: namba 31, aliyekuwa ananyonyoka manyoya ile Machi lakini akarudi kutaga, na namba 9, ambaye mimi pia nilimdhania mvivu. Namba 17 hakumgusa.

Uchaguzi umefanywa kwa mpangilio huu: kwanza daftari, halafu nyonga na tumbo kwa kalipa, homoni imetumika kwa bata wanne tu tuliokuwa na mashaka nao. Ishirini wamebaki. Mzee amechukua kumi na wanane. Wawili tumekula sisi, namba 6 akiwemo, na nyama yake ilikuwa nzuri kweli.

Mdogo wangu anataka kurudia kwa vifaranga wakifika miezi minne, achague mapema. Nimemwambia asubiri. Miezi minne nyonga za wote zimebana, hakuna aliyeanza, unapima utoto wao. Mimi nitawapima mwakani mwishoni mwa msimu, pale wenzao wanapoanza kunyonyoka manyoya. Atakayekuwa bado wazi wakati huo, huyo ndiye nitaweka mayai yake kwenye mashine ya kutotolea.

9 Juni

Maji ya majaruba yamekauka, wanakula ndani. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa. Gunia linakwenda siku mara mbili ya mwaka jana.

Tumepapasa saa nne usiku. Kati ya ishirini, kumi na sita wana yai. Namba 22 amevua namba tena, nimemtambua kwa mdomo wake. Namba 17: lipo, limekaza.